Mwitaji wa Shimoni

Mwaka ule Chaula alitaka watu watoke ukumbini wamelowa suruali, na hakuona haya kulisema mbele ya wateja.

"Mwaka jana walicheka," alisema. "Tumpe, walicheka! Mtu anakuja Halowini kutishwa, anatoka anacheka kama katoka harusini. Safari hii nataka kisa cha kikao kimoja, kianze na kuisha siku hiyohiyo, lakini kimkabe mtu koo."

Tumpe Mwakalinga aliendelea kufuta kete kwa kitambaa. Ukumbi wao wa michezo ya kusimuliwa ulikuwa karibu na Soko Matola, pale Mbeya, chumba kirefu chenye meza tano za mninga na mapazia mazito. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi mkuu. Wachezaji watano huketi kuizunguka meza, yeye akawaambia walipo na kinachowajia, wao wakasema watafanya nini, kete ikaamua nani kapona na nani kaliwa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya ulimi mtupu. Tumpe aliweza kuwafanya watu wazima waogope kabati la vyombo kwa kuteremsha sauti tu. Kisha mikanda ikaja.

Mkanda wenyewe ulikuwa utepe laini wa kufunga kwenye paji la uso. Ukiuvaa, moyo unadunda kwa hofu isiyo yako: hofu ya mtu mwingine, aliyoogopa kweli, mahali pengine, siku nyingine. Kampuni ya mikanda ilisema hofu hizo huvunwa kwa watu wa kujitolea, waruka na miavuli na wapanda majabali, na Tumpe, kama wenzake wote wa kazi ile, alikuwa ameona inatosha kuamini hivyo.

"Vimebaki vitatu vya kuchagua," Chaula alisema. "Hospitali Isiyo na Milango, Bibi Harusi wa Ziwani, na hiki kipya, Mwitaji wa Shimoni. Hiki kipya wanakigombania kila mji. Vijana wameshaanza kuiga sauti ya hilo jini barabarani."

"Hospitali ni upuuzi," Tumpe alisema. "Na yule bibi harusi nilishamsimulia vizuri zaidi bila mkanda. Lete hicho cha shimoni nikionje."

Alisoma kwanza maelekezo ya msimulizi. Wachezaji ni wachimbaji wa dhahabu waliofukiwa. Nyuma ya mwamba kuna jini linaloitwa Mwitaji, nalo huwaita kwa kigugumizi na kuwaomba wagonge jiwe. Anayegonga, jini linajua alipo, na amekwisha. Ushindi ni mmoja tu: kuuziba ufa kwa mawe mpaka sauti ikome.

Akafunga mkanda. Akafumba macho.

Kwanza likaja giza, si giza la kufumba macho, bali lile lenye uzito. Vumbi likamjaa mdomoni. Mkono wake wa kushoto ukabanwa begani, ukaanza kufa ganzi, na hofu ikapanda kama maji yanavyopanda kisimani. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya jiwe, nzito, ya taratibu, ya mtu anayeishiwa pumzi.

"G-g-gonga, kaka. G-g-gonga basi, nijue upo."

Tumpe aliung'oa mkanda kwa nguvu hata ukamchuna ngozi.

Chaula alikuwa anatabasamu. "Si nilikwambia? Umeshikwa."

Tumpe hakuwa ameshikwa kama Chaula alivyodhani. Bega lile la kushoto alilijua. Alilikanda kwa mafuta ya moto kila jioni kwa miaka, bega la mdogo wake Ambakisye, aliyefukiwa katika duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Chunya na kutolewa akiwa hai. Na kigugumizi kile alikijua pia. Kilikuwa cha Lugano Mwaisumo, rafiki wa Ambakisye tangu utotoni, aliyekuwa akija kwao kula makande na kugoma kwenye herufi ya kwanza ya kila salamu. Lugano alifukiwa siku hiyohiyo. Yeye hakutolewa hai.

"Chagua kingine," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hilo si jini, Chaula. Huyo ni mtu. Nilikuwa nampakulia chakula."

* * *

Ambakisye alikuwa Uyole, ndani ya kisima, akichimba. Ndiyo iliyokuwa kazi yake sasa, na watu walimsifu kwa kuteremka kokote. Tumpe alisimama ukingoni akamwita. Mdogo wake akapanda kamba bila haraka, uso umepakwa udongo, akamwamkia dada yake na kuuliza kama amekula.

Alipokuwa akimweleza, Tumpe alimtazama usoni, akitafuta hata mshituko mdogo. Hakuuona. Ambakisye alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua za mkoa mwingine.

"Basi ndiko walikoipeleka hofu yangu," alisema mwishowe.

"Ulijua?"

"Kliniki walisema itatumika. Sikuuliza wapi. Dada, nilikuwa nalala barazani kwenye mvua. Ungekuwa wewe ungeuliza?"

Tumpe ndiye aliyekuwa akikaa naye barazani. Baada ya ajali Ambakisye hakuweza kulala chini ya paa. Mlango ukifungwa alitapika. Aliponuia kuoa, mchumba alivumilia mwaka mmoja, akaenda zake. Kisha ikafunguliwa Kliniki ya Utulivu, wakatangaza kwamba wanaweza kumwondolea mtu hofu yake na kumwachia kumbukumbu, na Tumpe mwenyewe ndiye aliyemshika mkono mdogo wake akampeleka. Usiku ule Ambakisye alilala ndani. Tumpe alikaa kitandani pake akalia kwa furaha mpaka kukapambazuka.

"Wamemfanya Lugano jini," alisema. "Unanielewa? Wanafundisha watoto kwamba akiita wasimwitikie. Wanafundishwa wamfukie."

"Nimekuelewa."

"Na husikii chochote?"

Ambakisye alilifikiria swali lile kwa uaminifu. "Najua kwamba ni vibaya," alisema. "Najua kama ninavyojua kwamba tisa ni zaidi ya nane. Unataka nifanye nini?"

"Twende tukaidai. Ni yako."

"Wakinipa nitaiweka wapi, dada?" Akachukua koleo lake, akalipangusa. "Nina watu wanasubiri maji."

Akateremka tena. Tumpe alimsikia akiimba kule chini, na akatamani kumtupia jiwe.

* * *

Daktari Mhagama wa Kliniki ya Utulivu alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimzidishia Tumpe hasira. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamwonyesha chumba kwa kupitia kioo. Ndani kulikuwa na rafu za chupa zenye maji ya rangi ya maziwa, na katika kila chupa kitu kidogo kama uyoga, kikipumua.

"Hofu haiwezi kunakiliwa, mama," alisema. "Watu hudhani ni kama picha, unatoa nakala unavyotaka. Hapana. Inabidi ikae katika chembe hai. Tunaihamisha kutoka kichwani mwa mgonjwa kwenda kwenye chupa, na mikanda yote nchini, hata ikiwa elfu, inasikiliza chupa ileile moja. Chupa ya ndugu yako ni ile ya pili kutoka mwisho."

Tumpe aliitazama. Ilikuwa inapumua kwa haraka kuliko zile nyingine.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya sauti ya Lugano Mwaisumo," alisema. "Yeye hakuwa mgonjwa wenu. Hakuwahi kukanyaga hapa."

"Sauti imo ndani ya hofu ya ndugu yako. Hofu ni ya aliyeogopa, naye aliridhia. Marehemu..." Daktari alinyoosha viganja. "Marehemu hana tena anachopoteza."

"Ana mke. Ana mtoto wa kike."

"Hawatajwi popote. Jina lake tumeliondoa."

"Mmeliondoa jina, mkaacha kigugumizi."

"Kigugumizi ndicho kinachofanya kazi," daktari alisema. Alisema bila ubaya, kama fundi anayeeleza mashine, na hapo Tumpe akasimama, kwa sababu angeendelea kukaa angemmwagia chai usoni.

"Zima ile chupa."

"Siwezi kuizima. Ni kitu hai, na sheria inanikataza kukiua. Njia ni moja tu. Mwenyewe aje kwa miguu yake aseme anaitaka. Tutamrudishia yote kama ilivyokuwa, chupa itakufa, na mikanda itanyamaza papo hapo." Alimtazama Tumpe kwa huruma ya kweli. "Lakini mara ya pili haitoki. Tumejaribu. Ikirudi, inaota mizizi. Mama, umemwona ndugu yako alivyo sasa. Ungependa kumfanyia hivyo?"

Tumpe alitoka bila kuaga. Alitembea mpaka barabara kuu huku akitukana peke yake, na kila aliyemtukana alikuwa na sura tofauti: daktari, kampuni, Chaula, Ambakisye. Alipofika kwenye jina la Ambakisye alisita. Aliiona ile baraza, ile mvua, yale macho. Hakuwa na uwezo wa kumwomba mtu arudi pale. Na hakuwa na uwezo wa kumsamehe kwa kutotaka.

* * *

Aliporudi ukumbini alikuta watu wamekusanyika mlangoni. Chaula, bila kumsubiri, alikuwa amekwisha kukichagua kisa na kubandika tangazo lenye spika, lile la kampuni, linalonong'ona kila mtu anapopita. Sasa tangazo lilikuwa limechanwa vipande viwili. Spika ilikuwa inaning'inia kwa waya, bado inaongea. "G-g-gonga. G-g-gonga, kaka." Mbele yake alisimama mwanamke mrefu mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya sweta, na Chaula alikuwa anamwambia kwamba atamwitia polisi.

"Ita," mwanamke alisema. "Ita hata jeshi."

Alikuwa Sekela, mjane wa Lugano, mwalimu wa kemia wa sekondari. Tumpe hakuwa amezungumza naye kwa muda mrefu. Sekela alikuwa ameacha kuwaamkia watu wa nyumba yao, na Tumpe hakuwahi kujua sababu.

"Mama Atupele," Tumpe alisema. "Ingia ndani."

"Siingii. Niambie hapahapa, mbele ya hawa. Ni yeye au si yeye?"

Tumpe aliinua mkono, akaikata ile waya kwa kuivuta. Sauti ikakoma. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Ni yeye," alisema.

Sekela aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayehakikisha hesabu aliyoipata tangu mwanzo. "Nilikuwa napita kwenda kununua sukari. Nikaisikia sauti ya mume wangu inatoka ukutani. Nikadhani nimepata wazimu. Kisha vijana wawili wakapita, wakaiiga, wakacheka." Alimgeukia Tumpe kwa ghafla. "Unajua mdogo wako aliniambia nini? Alikuja nyumbani baada ya kutibiwa. Akaketi, akanywa chai, akaniambia Lugano alilala tu. Alilala kama mtoto, shemeji, usiwe na wasiwasi. Aliyasema kama mtu anayenisomea ratiba ya mabasi. Nikamwambia atoke. Tangu siku hiyo sikutaka kumwona, na sikujua kwa nini. Sasa najua. Huyu hakulala. Huyu alikuwa anaomba mtu amwitikie."

Tumpe akamweleza yote, pale pale kizingitini: chupa, mikanda, sheria, na ile njia moja. Hakuficha kwamba amemwendea Ambakisye naye amekataa. Alingoja Sekela aseme, nenda ukamlazimishe. Nusu ya moyo wake ilitaka aambiwe hivyo.

"Sitamwomba," Sekela alisema. "Mtu hamwombi mwenzake arudi motoni. Nina hasira naye ya kuzikwa nayo, lakini hilo sitalitamka." Akaokota vipande vya tangazo, akavikunja vizuri kama nguo. "Wewe ndiye unayewasimulia?"

"Mimi."

"Miji mingine huiwezi. Ila hapa meza ni yako. Kama lazima wamsikie, wasimwite jini. Wape jina lake."

"Kisa hakiko hivyo," Chaula aliingilia. "Watu wamekwisha kuweka nafasi. Meza zote."

Tumpe alimgeukia mwenzake. Walikuwa wameanzisha ukumbi ule pamoja, na hakuwa amewahi kumpandishia sauti. Hakumpandishia hata sasa. "Utawaambia waje," alisema. "Na mimi nitakaa kwenye kiti changu. Ukitaka msimulizi mwingine, tafuta."

* * *

Siku ya Halowini walikuja wakiwa wamejipaka unga na rangi nyekundu, wengine na mapembe ya karatasi. Ilikuwa alasiri yenye jua kali. Chaula alifunga mapazia, akazima taa za juu. Kwenye meza ya Tumpe waliketi watano: dada wawili mapacha wa benki moja pale mjini, fundi simu, mwanafunzi wa sheria, na mtu mzima mwenye kitambi, Mzee Kajange, mteja wao wa tangu zamani ambaye hakuwahi kukosa Halowini hata moja.

Wakafunga mikanda. Tumpe akawateremsha shimoni. Alikuwa mzuri katika kazi ile na hakujizuia. Aliwaonyesha matimba, zile nguzo za miti zinazozuia udongo, akawasikilizisha ya kwanza ikilia, ya pili ikivunjika. Mikanda ikawaka. Akawaona wote wakishika bega la kushoto kwa pamoja, na hasira ikampanda upya, kwa sababu lile bega halikuwa lao.

Sauti ikaja. Mmoja wa mapacha akatoa kilio kidogo.

"Ni Mwitaji," fundi simu alinong'ona. "Tusigonge. Tukusanye mawe."

"Hakuna Mwitaji," Tumpe alisema.

Walimtazama.

"Anayewaita anaitwa Lugano Mwaisumo. Ana kigugumizi tangu utotoni. Anapenda makande yenye nazi, jambo ambalo mama yangu alilicheka sana. Ana mke anaitwa Sekela na mtoto hajaanza kutembea. Yuko nyuma ya jiwe hilo, amebanwa kuliko ninyi, na anataka kujua kama mwenzake yupo hai. Hilo tu. Mnafanya nini?"

Mzee Kajange alivua mkanda wake nusu. "Tumpe, hii ni mpya?"

"Mnafanya nini?"

"Kitabu kinasema anayegonga anakufa," mwanafunzi wa sheria alisema.

"Kitabu ni cha kampuni. Mimi nawaambia mlipo."

Fundi simu aliusukuma ubao wa kete. Jasho lilikuwa limechora mifereji kwenye unga wa uso wake. "Sisi tumekuja kuogopa, dada. Hatukuja kuzika mtu. Kama ningetaka msiba ningeenda msibani."

"Na yeye hakwenda kule kukufurahisha," Tumpe alisema. Sauti yake ilitoka chini, ile aliyokuwa akiitumia zamani kabla ya mikanda, na meza za jirani zikageuka. "Umeogopa? Vizuri. Hiyo uliyonayo kifuani ni ya mdogo wangu. Ameibeba miaka, nikaona inavyomla. Wewe umeivaa kwa muda wa kunywa soda, unanilalamikia. Basi ivue. Lakini ukiivua, jua umemwacha nani."

Chaula alikuwa amesimama karibu na pazia, mkono mdomoni. Kisha yule pacha aliyelia akaukunja mkono wake, akainama, akagonga meza kwa vifundo vya vidole, mara moja, halafu tena. Mwenzake akafuata. Mzee Kajange akauvuta mkanda wake ukarudi mahali pake, akagonga kwa kiganja kizima. Mwanafunzi wa sheria akagonga.

"K-k-kaka," sauti ilianza.

Ikakatika.

Walikaa wakisubiri. Fundi simu aliugusa mkanda wake, akaugonga kwa kidole. Kutoka meza nyingine watu walianza kulalamika kwamba yao imezima pia. Chaula alikwenda kwenye mtambo, akarudi akisema hauna hitilafu, hauna chochote, umenyamaza tu.

Tumpe alielewa kabla Chaula hajamaliza kusema. Akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

* * *

Ambakisye alikuwa kwenye nyasi nje ya kliniki, mbali na ukuta, mbali na mti, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote juu yake isipokuwa anga. Alikuwa amejikunja, ameshika bega. Meno yalikuwa yanagongana. Daktari Mhagama alikuwa amechuchumaa kando na blanketi mkononi, hajui amfunike au amwache.

"Alikuja mwenyewe," daktari alisema. "Nilimweleza mara tatu kwamba haitoki tena."

"Ondoka," Tumpe alimwambia.

"Mama, nilifanya tu..."

"Ondoka hapa kabla sijakufanya kitu."

Daktari akaondoka. Tumpe akapiga magoti kwenye nyasi. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya ukali. "Kwa nini hukuniambia? Mimi ndiye nitakayekaa na wewe barazani. Mimi! Hukuona hata unitumie salamu?"

"Ungenizuia," Ambakisye alisema kwa shida.

"Ndiyo, ningekuzuia!"

"Nilipita pale kwenu juzi." Alivuta pumzi fupifupi kama mtu aliyekimbia. "Kabla hawajalichana lile tangazo. Nikasimama mlangoni. Nikamsikia Lugano ananiita, dada. Sauti yake yenyewe. Na mimi nikawa nafikiria koleo langu nimeliacha wapi." Alifumba macho, akayafumbua upesi kwa kuogopa giza la kope zake. "Mtu ananiita anakufa, nawaza koleo. Walinitoa nini hawa? Walisema watanitoa hofu."

Tumpe alimshika kichwa, akakiweka kifuani pake. Bado alikuwa na hasira naye, kwa kisima ambacho hatakichimba tena, kwa mvua zote zinazokuja. Hakuona sababu ya kuificha, na mikono yake ilimbana kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

Waliposikia hatua, Sekela alikuwa amekwisha kufika. Watu wa ukumbini walikuwa wamempigia simu. Alisimama juu ya Ambakisye, kivuli chake kikamwangukia usoni, naye akajikunja zaidi. Sekela akaona, akasogea upande ili jua lirudi.

"Uliniambia alilala," alisema.

"Ndivyo nilivyokumbuka," Ambakisye alisema. "Shemeji, naapa. Walipoitoa, ndivyo ilivyobaki."

"Na sasa?"

Tumpe alihisi mwili wa mdogo wake ukitetemeka mikononi mwake, akataka kumwambia Sekela, inatosha, mwache, njoo siku nyingine. Lakini haikuwa yake kusema.

"Hakulala," Ambakisye alisema. "Aliogopa. Aliogopa sana, shemeji, kama mimi. Aliniita mpaka sauti ikamwishia. Mimi nilikuwa nagonga kwa kisigino, mkono ulikuwa umebanwa. Sijui kama alisikia. Mwishoni alikuwa anajaribu kusema jina lako, likamkwamia kwenye S."

Sekela alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Alimtazama Ambakisye kwa muda mrefu, na uso wake haukulainika hata kidogo. Kisha akaikusanya sketi yake, akaketi kwenye nyasi mbele yake, karibu kiasi cha magoti kugusana.

"Anza mwanzo," alisema. "Mlivyoteremka asubuhi. Alikuwa amevaa nini?"

"Lile shati la bluu," Ambakisye alisema, na meno yake yakiendelea kugongana, akaanza.